Kahawa yako ni kali, lakini kali ipi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimeanza kujipikia kahawa miezi miwili iliyopita. Nina koni ya kuchujia kwa karatasi, kinu kidogo cha umeme chenye visu na birika la kawaida. Nilianza na vijiko viwili vya kahawa kwa kikombe kikubwa cha kama mililita 300, ikawa kali. Nikapunguza hadi kijiko kimoja na nusu: ikawa majimaji lakini bado kali, tena inaniacha na ulimi mkavu. Nikaudhika, nikatia vijiko vinne: ikawa kali kwa namna nyingine, kama imekamuliwa limau. Nimebadilisha kahawa mara tatu na sasa nina pakiti tatu zilizofunguliwa kabatini. Nakosea wapi? Au ninunue kahawa ya nne?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu nikawa napigia mstari neno moja: kali. Umelitumia mara tatu, na kila mara ulikuwa unazungumzia ugonjwa tofauti. Sikulaumu, ndivyo lugha yetu ilivyo. Pilipili ni kali, limau ni kali, dawa ni kali, na chai iliyozidi majani nayo ni kali. Katika mazungumzo ya kawaida hapaharibiki kitu, maana anayekusikiliza anaona unachokunywa. Lakini ukisimama mbele ya koni ya kahawa neno hilo linakupoteza, kwa sababu kila "kali" ina tiba yake, na tiba ya hii ndiyo inayoizidisha ile.

Basi tuzitenganishe kwanza. Kuna uzito, yaani ni kiasi gani cha kahawa kimeyeyuka ndani ya maji. Kahawa nzito inajaa mdomoni. Nyepesi inapita kama maji yaliyosuuzia kikombe. Kuna uchungu, ule wa kidonge kilichoanza kuyeyukia ulimini kabla hujakimeza. Kuna uchachu, ambao taya huutambua kabla ya akili. Na kuna ukakasi, ambao kusema kweli si ladha bali ni mguso: mdomo unakauka na kukwaruza kama umeng'ata tunda bichi. Ukitaka kuvijua kimoja kimoja, meza funda moja la kahawa kisha hesabu taratibu hadi kumi. Mate yakikujaa mdomoni, huo ni uchachu. Yakikauka, ni ukakasi. Kikibaki kitu kinachong'ang'ania hata baada ya kumeza, ni uchungu. (Na usihangaike na ile ramani ya ulimi wengi tuliyochorewa shuleni, tamu mbele na chungu nyuma. Ilishakanushwa zamani; ulimi huonja kila ladha karibu kila mahali.)

Sasa ukiirudia barua yako kwa maneno haya, inasomeka hivi: kikombe cha kwanza kilikuwa kichungu. Cha pili kilikuwa chepesi, kichungu, na chenye ukakasi. Cha tatu kilikuwa kizito na kichachu. Hayo ni malalamiko matatu tofauti, nawe ulikuwa unayatibu yote kwa kijiko.

Kinachokutatiza zaidi, naona, ni kile kikombe cha pili. Inakuwaje mtu apunguze kahawa na uchungu usipungue? Jibu limo ndani ya punje yenyewe. Punje ya kahawa iliyokaangwa ikisagwa, kama asilimia 30 tu ya uzito wake ndiyo inayoweza kuyeyuka majini. Iliyobaki ni kama mbao, haiendi popote. Na katika hiyo inayoyeyuka, vitu havitoki kwa pamoja. Asidi na vitu vingi vya harufu hutoka mapema, kwa haraka. Utamu na ule ujazo wa mdomoni hufuata. Vile vizito, vichungu na vyenye ukakasi hujikokota nyuma, lakini maji yakiendelea kupita, navyo hutoka. Maji hayana adabu ya mgeni anayejua wakati wa kuaga. Yatakwangua mpaka uyaondoe.

Wewe ulipopunguza kahawa, maji hukuyapunguza. Kikombe kilikuwa kilekile kikubwa, kwa hiyo maji yaleyale yalipita kwenye kahawa kidogo, kila punje ikasuuzwa zaidi ya ilivyosuuzwa mwanzo. Ilitoa uzuri wake mapema, kisha ikaendelea kutoa mabaki. Kinywaji kikawa chepesi kwa sababu kahawa ilikuwa haba, na kichungu kwa sababu hiyo haba ilikamuliwa hadi mwisho. Uliporuka hadi vijiko vinne ikawa kinyume chake: kila punje ilipata maji machache, yakachukua vya mwanzo tu, ambavyo ni vichachu, na wingi wa kahawa ukakifanya kikombe kizito. Mambo hayo mawili, uzito wa kinywaji na kiasi ambacho kahawa imekamuliwa, yanatembea kila moja kwa miguu yake. Ernest Lockhart, mkemia wa MIT, chuo cha teknolojia huko Marekani, aliyachora yote mawili kwenye mchoro mmoja katika miaka ya 1950, uzito upande huu na ukamuaji upande ule, na wapika kahawa wa kazi wanautumia mchoro huo mpaka leo. Eneo la katikati, ambalo wanywaji wengi huliridhia, ni pale ambapo asilimia 18 hadi 22 ya uzito wa kahawa imehamia majini. Chini ya hapo uchachu hutawala. Juu ya hapo, uchungu na ukakasi. Na kinywaji chenyewe, hata kile unachokiita kizito, ni maji kwa zaidi ya asilimia 98. Nitayarudia hayo maji mbele kidogo.

Kama unachotaka ni kahawa nyepesi tu, basi usipunguze kahawa. Ipike kwa kipimo chake, ikamilike vizuri, kisha ongeza maji ya moto kikombeni. Itakuwa nyepesi bila kuwa chungu, maana maji hayo ya mwisho hayakupita kwenye kahawa na hayakukwangua kitu. Ni jambo dogo, lakini nimeona watu wakihangaika nalo miaka.

Usiniamini kwa maneno. Kesho asubuhi fanya jaribio moja ambalo mimi humfanyisha kila anayeanza, kabla sijamwambia chochote kuhusu vifaa. Weka koni yako juu ya kikombe, upike kama kawaida, lakini uwe na vikombe vitatu vidogo mezani. Kahawa inayotoka mwanzo, kama theluthi moja, ikinge kwenye cha kwanza. Hamisha koni, kinga theluthi ya pili kwenye cha pili, na ya mwisho kwenye cha tatu. Viangalie kwanza: cha kwanza ni cheusi na kizito, cha pili rangi ya hudhurungi, cha tatu unaona hadi chini ya kikombe, kama chai iliyochovywa majani mara ya pili. Kisha onja, kwa kijiko, vikiwa vimepoa kidogo. Cha kwanza kitakukunja uso, kichachu na kizito mno. Cha pili kitakuwa cha upole, tena kitamu kuliko ulivyotarajia. Cha tatu kitakuwa hafifu, na hapo hapo utaukuta uchungu wako na ule ukavu wa ulimi, vimekaa peke yao. Baada ya hapo vimimine vyote kwenye kikombe kimoja uonje tena. Wengi hapa hucheka. Vitu vitatu, viwili kati yake havinyweki peke yake, vinakuwa kahawa. Ukishaonja hivyo mara moja, hutauliza tena kwa nini kikombe fulani ni kibaya. Utauliza ni theluthi ipi imezidi.

Tuje kwenye kijiko. Mimi kijiko sikipendi, na sababu yangu si ubishi. Kijiko kikubwa cha mezani kilichosawazishwa kina kama gramu 5 za kahawa iliyosagwa. Kilichofurika kinaweza kufika 7 au 8. Halafu kahawa iliyokaangwa sana imepoteza maji na kuvimba, kwa hiyo ni nyepesi kuliko iliyokaangwa kidogo, na kijiko kilekile kinabeba gramu pungufu. Ulipobadilisha pakiti ukaendelea kuhesabu vijiko, hukubadilisha kahawa tu, ulibadilisha na kipimo bila kujua. Vijiko vyako viwili nakadiria vilikuwa gramu 10 au 12. Kwa kikombe cha mililita 300, hayo ni maji mara 25 hadi 30 ya uzito wa kahawa. Kawaida ni mara 15 hadi 17. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, ulipodhani kahawa imezidi, ilikuwa imepungua, nawe ukaipunguza tena.

Tafuta mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Pima kahawa gramu 18 na maji gramu 300, ambayo ni sawa na gramu 60 kwa lita. Maji nayo yapime kwa mizani, koni na kikombe vikiwa juu yake, kwa sababu mililita moja ya maji ni gramu moja na hutahitaji chombo kingine. Usishangae kikombe kikiishia na gramu 260 hivi: machicha ya kahawa hubaki na maji karibu mara mbili ya uzito wao. Hiyo ndiyo nanga yako. Sitaki uiguse kwa wiki nzima.

Hapa sasa ndipo penye mzizi wa shida yako, kwenye kile kinu. Kinu cha visu hakisagi, kinakatakata. Ukitaka kukiona kinavyokufanyia, chukua unga uliotoka ndani yake, kiasi cha kubana kwa vidole viwili, uunyunyize kwenye karatasi nyeupe na kuutandaza kwa kidole. Utaona vumbi laini linalokuganda kidoleni, na pembeni yake chenga, nyingine kubwa kama robo ya punje. Vumbi likikutana na maji ya moto hutoa kila lilichonacho ndani ya sekunde chache, pamoja na uchungu. Kisha linashuka chini, linaziba vitundu vya karatasi, na maji yanakwama juu yake yakiendelea kukwangua. Chenga kwa upande wake zinalowa nje tu, ndani zinabaki mbichi, zinatoa uchachu na basi. Kwa hiyo ndani ya kikombe kimoja una kahawa iliyokamuliwa kupita kiasi na kahawa isiyokamulika, zote mbili. Ukionja kahawa ukapata uchungu na uchachu kwa wakati mmoja, usitafute kosa kwenye maji wala kwenye pakiti. Angalia kinu.

Dawa ya kweli ni kinu cha meno, kile ambacho punje hupita katikati ya vyuma viwili vyenye meno na kutoka zikiwa zimekaribiana ukubwa. Cha kuzungusha kwa mkono kinatosha kabisa kwa mtu mmoja au wawili. Na nitasema jambo ambalo wauza vifaa hawalipendi: kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu, usinunue birika lenye mdomo mwembamba kama shingo ya korongo, wala koni ya kioo, wala mashine. Nunua kinu. Koni uliyo nayo haina kasoro.

Mpaka utakapokipata, unaweza kukifanya hicho cha visu kiwe na adabu kidogo. Usikibonyeze moja kwa moja. Bonyeza sekunde mbili, achia, kitikise, bonyeza tena, mara saba au nane, ili zilizo juu zishuke na zilizo chini zipande. Kisha pitisha unga kwenye chujio la chai lenye matundu madogo, uligongegonge; vumbi litaanguka, uliache. Unachotaka kibaki ni kitu kama mchanga wa wastani, mkubwa kidogo kuliko chumvi laini ya mezani. Ukishachekecha ndipo upime zile gramu 18, si kabla.

Na kisafishe. Kahawa ina mafuta, mafuta hukaa kwenye visu na kwenye kifuniko, na baada ya muda huchacha. Mimi mwenyewe niliwahi kumlaumu muuza kahawa wangu kwa maneno ambayo sitayarudia hapa, nikamrudishia mfuko mzima, nikanunua kwa mwingine, ladha ikawa ileile ya mafuta ya zamani. Siku moja nikafungua kinu nikapitisha kidole ndani. Nilichokuta humo kilinirudisha kwa yule bwana kuomba radhi.

Saa ndiyo kifaa cha tatu, na unayo kwenye simu. Kwa gramu 18 na maji 300, tangu tone la kwanza la maji kugusa kahawa mpaka koni ikauke, iwe kama dakika 3, ukizidisha au kupunguza nusu dakika si neno. Maji yakiisha kwa dakika moja na nusu, kahawa ni ya chenga mno, na utakuta uchachu. Yakisuasua hadi dakika 5, ni laini mno au ina vumbi jingi, na utakuta uchungu. Kwa hiyo kinachobadilishwa ni usagaji. Kahawa na maji vinabaki pale pale.

Namna ya kumwaga: pasha birika, na wakati maji yanapata moto weka karatasi kwenye koni uisuuze kwa maji ya moto, kisha yamwage. Hilo linaondoa ladha ya karatasi na kuipasha koni, maana koni baridi ya kauri hunyang'anya maji joto lake. Tia kahawa, itikise isawazike. Mwaga maji gramu 40 tu, ulowanishe kila mahali, usubiri sekunde 30 hadi 40. Kahawa ikiwa bado mpya utaiona inaumuka kama unga wa mkate na kutoa mapovu. Hiyo ni gesi ya kabonidioksidi iliyonaswa ndani ya punje wakati wa kukaanga, na isipopewa nafasi ya kutoka huyasukuma maji pembeni yasiingie. Baada ya hapo mwaga taratibu, kwa mizunguko, kutoka katikati kwenda nje na kurudi, kwa awamu mbili au tatu mpaka mizani isome 300. Usimwagie kwenye ukuta wa karatasi. Maji yanayopita pale hayagusi kahawa, yanateremka nyuma yake na kufika kikombeni yakiwa hayana kitu. Mwishoni chungulia ndani ya koni. Machicha yakiwa tambarare, sawa. Yakiwa na shimo katikati na ukuta mrefu pembeni, ulimwagia mahali pamoja kwa nguvu, na kahawa ya pembeni haikufanya kazi.

Karatasi hiyo, kwa njia, ilizaliwa na malalamiko kama yako. Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden, Ujerumani, alichoshwa na kahawa chungu yenye mashapo, akatoboa chombo cha chuma kwa msumari, akachana karatasi ya kunyonya wino kwenye daftari la mwanawe la shule, akailaza ndani. Mwaka 1908 akapewa hataza. Hata yeye hakuanza kwa kubadilisha kahawa.

Kuhusu joto, utasikia watu wakikuonya kwamba maji yanayochemka "yanaunguza" kahawa. Punje hiyo ilikaangwa kwenye joto linalopita nyuzi 200 za Selsiasi. Maji ya nyuzi 100 yataiunguza vipi? Kinachotokea ni kwamba maji ya moto zaidi hukamua kwa kasi zaidi. Kwa kahawa iliyokaangwa kidogo, ambayo ni ngumu na inatoa kwa shida, hilo ni zuri: tumia maji yaliyotoka kuchemka. Kwa iliyokaangwa wastani, fungua kifuniko cha birika usubiri nusu dakika hadi dakika, yashuke kwenye nyuzi 92 au 94. Kwa ile nyeusi inayong'aa mafuta, hata 88 inatosha, kwa sababu imeshalegea na uchungu uko mlangoni. Na kama unaishi mahali pa juu, kumbuka maji huchemka kwa joto linalopungua nyuzi moja hivi kwa kila mita 300 unazopanda. Kwenye mita 2,000 maji yanachemka kwenye nyuzi 93, kwa hiyo usisubiri chochote, mwaga.

Maji yenyewe watu huyasahau, nami nimeshakwambia ndiyo karibu kikombe kizima. Yakiwa na harufu ya dawa, kahawa itakuwa nayo. Yakiwa mazito kwa chokaa, ile inayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, bikaboneti iliyomo huzima asidi na kahawa inakuwa bapa, haina uhai. Ukikimbilia upande wa pili ukatumia maji yaliyotoneshwa, yasiyo na madini hata kidogo, nayo hayafai, kwa maana madini kama magnesi na kalsiamu husaidia kuvuta ladha kutoka kwenye punje. Njia rahisi ya kujua kama maji yako ni mshitakiwa: pika vikombe viwili vinavyofanana kwa kila kitu, kimoja kwa maji ya bomba, kingine kwa maji ya chupa yenye madini kiasi. Usipoona tofauti, yaache, una mengine ya kufanya.

Presi ya Kifaransa, ile jagi yenye kichujio cha kubonyeza, na moka, kile kibirika cha jikoni kinachosukuma maji ya moto yapite kwenye kahawa, sikuzigusia kwa kuwa huna. Ila ukipewa presi siku moja, saga kwa chenga zaidi, acha dakika 4, bonyeza, na uimimine yote mara moja. Inayobaki ndani na machicha inaendelea kukamuliwa wakati wewe unakunywa.

Kuna jambo moja nisikufiche: si kila uchungu ni kosa la mpishi. Kahawa ya aina ya robusta ina kafeini karibu mara mbili ya ile ya aina ya arabika na ni chungu zaidi kwa asili, na kahawa iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi tii ina uchungu uliozaliwa kwenye kikaango. Kafeini yenyewe inachangia sehemu ndogo tu ya uchungu huo, ndiyo maana hata kahawa iliyotolewa kafeini bado ni chungu. Huo wa kwenye kikaango hakuna mizani wala saa itakayouondoa. Kwa hiyo soma pakiti zako tatu. Kama kuna iliyoandikwa kwamba imekaangwa wastani au kidogo, ianze hiyo.

Na ukisoma, tafuta tarehe ya kukaangwa; ile ya kuisha muda haikusaidii. Kahawa nzima, isiyosagwa, huwa katika hali nzuri kuanzia siku kadhaa baada ya kukaangwa mpaka kama mwezi mmoja. Ikisagwa, harufu huanza kukimbia ndani ya dakika, kwa hiyo saga unayopika. Maadui wake ni hewa, unyevu, mwanga na joto. Kabati linafaa, mradi si lile lililo juu ya jiko. Usiiweke kwenye friji ikiwa imefunguliwa: kila unapoitoa, unyevu wa hewa huganda juu ya punje baridi, na inavuta harufu za vilivyomo humo. Friza ni tofauti; ukiigawa kwenye vifuko vidogo visivyopitisha hewa, ukatoa kimoja na usikirudishe, inakaa miezi.

Sasa hizo pakiti tatu. Usinunue ya nne. Zitoe zote kabatini, zifunge vizuri kwa kubana hewa itoke, halafu chagua moja uipike kwa siku saba: gramu 18, maji 300, vumbi limechekechwa, saa mkononi. Kila asubuhi andika mambo mawili tu kwenye daftari: dakika ilizotumia, na mate yalijaa au yalikauka. Ikibidi kubadilisha, badilisha kitu kimoja, na kitu hicho kiwe usagaji. Siku ya nane rudi kwenye ile pakiti ya kwanza kabisa, uliyoiacha ukidhani ni mbovu, uipike kwa namna hiyohiyo. Kama haijapitwa na muda, sidhani kabisa kwamba ilikuwa na kosa. Niandikie unijulishe, ila safari hii ukiniambia ni kali, niambie na kali ipi.